Picha mbaya ya tumbusu, yenye saa sahihi

Nimekuwa kimya wiki tatu na sababu ni njema: nilikuwa nyumbani Modogashe, na kila jioni nikifungua kompyuta ilikuwa kuangalia picha za ndege, si kazi ya mwajiri. Basi leo hakuna PHP wala hifadhidata. Au tuseme hifadhidata ipo, ila itaingia kwa mlango wa nyuma.

Kamera yangu ni Canon 7D, toleo la 2009, nimeinunua mtumba. Lenzi ni 400mm f/5.6 ya mwaka 1993, haina kitu cha kutuliza mtikisiko. Najua kamera za siku hizi zinatambua jicho la ndege zenyewe na kulifuata angani. Nazitamani, sikatai. Lakini nimechoka na watu wanaosema bila mashine kama hiyo usijisumbue kupiga ndege mbuai wakiruka. Tufanye hesabu kidogo. Tumbusu wa Rüppell ana mabawa ya kama mita 2.4 kutoka ncha hadi ncha. Akiwa mita 150 kutoka kwako, lenzi hii inamchora kwenye sensa kwa upana wa milimita 6.4, yaani karibu pikseli 1,490. Akiwa mita 600 bado unabaki na pikseli kama 370. Pikseli 370 hazitapamba kalenda ya benki, ila mara nyingi zinatosha kumtofautisha tumbusu na tai. Pungu ndiye rahisi kuliko wote: mkia hauonekani kabisa, na ukimpata kwa chini, dume ana ukingo mpana mweusi nyuma ya bawa, jike ana ukingo mwembamba.

Kasi ya shata 1/2000, ISO iache ijipange yenyewe, na ongeza mwanga hatua moja kwa sababu anga jeupe huidanganya kamera ikamfanya ndege kuwa kivuli. Hayo ndiyo mambo ya kamera, nimemaliza.

Kinachosumbua kweli huku ni hewa. Asubuhi mapema mwanga ni mzuri na hewa imetulia, lakini tumbusu bado wamekaa mtini wakingoja ardhi ipate joto, maana hawapendi kupiga mabawa. Wanangoja hewa moto iwainue. Wakianza kupanda, joto hilohilo linafanya picha icheze kama kitu kilicho chini ya maji. Hakuna lenzi ya pesa yoyote itakayokuondolea hilo. Unapata dirisha la dakika chache tu, ndege wakiwa bado chini na hewa haijachafuka.

(Kabla ya yote nilipita kwa chifu na kwa polisi, nikaonyesha kamera na kueleza nia yangu. Lenzi ndefu ikiegemezwa begani, ukiiona kutoka mita mia mbili, haifanani na lenzi. Kwetu hilo si mzaha.)

Sasa hoja yangu. Picha ya ndege mbuai isiyo na tarehe, saa na mahali ni pambo. Picha mbaya yenye vitu hivyo vitatu ni rekodi, na sisi tumejaza simu na diski zetu mapambo.

Nilijifunza kwa aibu. 7D yangu haina GPS, kwa hiyo nilirekodi njia yangu kwa simu halafu nikatumia exiftool, programu ya bure, kuoanisha muda wa kila picha na mahali nilipokuwa. Siku ya kwanza ilikataa picha zote. Nikahisi ni bagi ya programu, nikapoteza usiku mzima. Kumbe nilipobadilisha betri nilimpa mdogo wangu aweke saa, na ilikuwa saa tatu na dakika ishirini asubuhi, naye akaandika 3:20. Nilikuwa na tumbusu kumi na mmoja wakizunguka angani usiku wa manane. Dawa ilikuwa mstari mmoja:

exiftool "-AllDates+=6" *.JPG

Jiulize ni picha ngapi za Afrika Mashariki zina ndege wa saa tisa usiku.

Kwa nini nang'ang'ania? Mwaka 2022 Darcy Ogada na wenzake walichapisha utafiti wa ndege mbuai wa Kenya. Walilinganisha hesabu zilizofanywa kwa gari barabarani kati ya 1970 na 1977 na zile za 2003 hadi 2020. Kati ya aina 22 walizozipima, 19 zimepungua, na kiwango cha kati cha kupungua ni asilimia 70. Tunajua hivyo kwa sababu miaka ya 1970 kuna watu waliendesha gari wakiandika walichokiona, wapi na lini. Hawakuwa na fokasi inayofuata jicho. Walikuwa na daftari.

Sumu ni sababu mojawapo kubwa. Mfugaji anapoteza mbuzi kwa fisi, anapaka sumu kwenye mzoga, na tumbusu wanafika kabla ya fisi, makumi kwa mpigo. Jike hutaga yai moja tu kwa msimu, kwa hiyo pengo hilo halizibiki haraka. Simlaumu mfugaji kwa hasira yake, mimi mwenyewe nimelelewa kwa pesa za mbuzi.

Adeer wangu alinikuta nimelala chali nikiangalia juu. "Unampiga picha gorgor wa nini? Hata nyama yake hailiwi."

"Nataka kuwahesabu, adeer."

Akacheka. "Zamani hungeweza. Walikuwa wanamfunika ngamia mzima. Ukame huu uliopita mizoga ilikauka na ngozi zake."

Alikuwa anasema ule wa 2020 hadi 2023, misimu mitano ya mvua iliyokosekana mfululizo. Labda mizoga ilizidi walaji tu. Kumbukumbu ya mzee mmoja haiwezi kutenganisha hayo mawili, na hakuna aliyeandika chochote.

Mradi wa Kenya Bird Map umegawa nchi kwa miraba ya kama kilomita 9 kwa 9, na yeyote anaweza kutuma orodha kwa simu kupitia programu ya BirdLasser. Ukiifungua ramani, Nairobi, Naivasha na pwani kumejaa. Upande wetu miraba mingi haina kitu. Mwenye kuandika programu atanielewa: hiyo ni NULL, si sifuri. Lakini anayepanga nguzo za umeme au barabara akiiona ramani hiyo ataisoma kama sifuri.

Kuna mtu ataniambia kutoa mahali ni kuwaelekeza wawindaji. Kwa kiota ni kweli kabisa, usitoe, na iNaturalist hata huficha yenyewe mahali halisi pa viumbe walio hatarini. Kwa ndege anayeruka, ambaye kufikia jioni anaweza kuwa kaunti nyingine, sioni hatari. Mimi hukagua pia picha zenye kambi au kituo cha usalama nyuma, na hizo nazifuta bila kujiuliza.

Nilirudi na picha 412. Nzuri ni sita, mtaziona. Nyingine nazipandisha kidogo kidogo kila usiku, na nyingi ni mgongo wa tumbusu akienda zake.