Masaa ya kushona nayo yahesabiwe

Ndugu wafanyakazi, na ninyi bamama wa mu kampi na wa mu kite,

Tangu mshahara ulianza kuchelewa mu zile kampuni za sutretansi, kila nyumba inasema: bibi ashone, auze. Si wazo baya. Lakini tunaona mutu anakimbilia banki lambert, anakopa, ananunua kitambaa cha meza kubwa na rangi za uzi ishirini. Kitambaa hakimaliziki, deni nayo inazaa.

Sisi tunasema mushono wa krua, ile ya X, uanze na kitu cha kiganja tu. Kitambaa chenye matundu sawasawa, sindano isiyo na ncha kali, rangi 3 za uzi, basi. Uzi ule uko na nyuzi 6 ndani. Kata urefu wa kutoka vidole mpaka kiwiko, toa nyuzi 2. Kunja kitambaa mara mbili, mikunjo inapokutana njo katikati, anzia pale. Ukianzia pembeni nafasi itakuishia. Usifunge fundo, mkia wa uzi uufiche nyuma chini ya mishono. Na mstari wa juu wa kila X ulale upande moja. Bibi ya mwenzetu alisahau hiyo, ua lake likaonekana kama limepigwa na upepo wa kila upande. Alifumua siku mbili.

Sasa neno letu lenyewe. Ua la krua 40 kwa 40 ni krua 1 600. Mutu akifanya krua 100 kwa saa, ni masaa 16. Zamu mbili za masaa 8! Na kitambaa kile tunakiona kinauzwa bei ya uzi na kidogo juu yake, ao mume anakipeleka kwa shefu wake kama zawadi, hata hakuuliza. Wakati wa Union Minière, kisha Gécamines, mu foyer social bamama walifundishwa kushona. Ilikuwa vizuri. Lakini masaa yaliyoandikwa na kulipwa yalikuwa ya kazi ya kampuni, ya ku nyumba hapana. Mazoea hayo tuko nayo mpaka leo, hata sisi wa sindika tunaopiga kelele kwa masaa yetu ya ziada.

Basi mukamate daftari ya mtoto, ukurasa moja. Andikeni siku, saa ya kuanza, saa ya kuacha, falanga za uzi. Kitambaa kidogo kinaisha upesi, na hapo munajua bei ya kweli mbele ya kugusa kikubwa. Wanunuzi wakiikataa, mumejua mapema, bila deni.

Tena umeme unakatika, matundu yale hayaonekani na mshumaa. Kushona ni kazi ya mchana. Kwa hiyo mume aliyetoka zamu ya usiku, akishalala, achote maji, aangalie batoto. Wamoja watatucheka. Wacheke.

Na kuna mukubwa moja, tulipomuuliza mshahara, alitujibu: bibi zenu hawajui kujitafutia? Wanajua. Lakini falanga za kitambaa ni za mwenye kushona, hazilipi deni ya kampuni. Jumatatu tunarudi kwake na ile karatasi ya masaa yetu.