Mazungumzo yaliyokwepwa

Asubuhi ya Machi 17, 2022, meli za abiria za kampuni ya P&O Ferries ya Uingereza ziliamriwa kubaki bandarini. Safari zilisitishwa, na mabaharia wakaambiwa wakae tayari kusikia tangazo muhimu. Tangazo lilipofika lilikuwa video ya dakika chache iliyorekodiwa mapema: nafasi zao zimefutwa, na siku hiyo ndiyo ya mwisho kazini. Waliofutwa walikuwa 786. Miongoni mwao walikuwamo waliotumikia meli hizo kwa miongo kadhaa, na hakuna aliyepata nafasi ya kuuliza hata swali moja. Nje, kwenye magati, walinzi wa kukodi walikwisha kufika, pamoja na mabasi yaliyobeba mabaharia wa wakala walioletwa kushika nafasi zao. Katika bandari ya Hull, wafanyakazi wa meli ya Pride of Hull walikataa kushuka kwa saa kadhaa.

Kampuni ilikuwa na sababu yake. Janga la UVIKO-19 lilikuwa limedhoofisha usafiri kati ya Uingereza na bara la Ulaya, na P&O ilisema inapata hasara ya pauni milioni 100 kwa mwaka. Hakuna haja ya kuibishia hesabu hiyo. Biashara huyumba, na mwajiri anayepunguza watu ili kuiokoa si lazima awe mtu mwovu. Mabaharia hao walijua hali ilivyo. Mwaka 2020 kampuni hiyo hiyo ilikuwa imetangaza mpango wa kufuta nafasi zipatazo 1,100, na wao ndio waliobaki.

Kilichokuja wiki moja baadaye ndicho kinachostahili kukumbukwa zaidi. Machi 24 mkurugenzi mtendaji, Peter Hebblethwaite, aliitwa mbele ya kamati za Bunge la Uingereza. Aliulizwa kama sheria ilimtaka azungumze na vyama vya wafanyakazi kabla ya kuwaondoa watu wengi kiasi hicho. Akakubali kwamba ilimtaka, na kwamba kampuni iliamua kutofanya hivyo, kwa kuwa hakuna chama ambacho kingekubali mapendekezo yake. Alipobanwa zaidi, akasema hata leo angechukua uamuzi ule ule.

Jibu hilo ndilo linaloeleza jinsi imani inavyokufa katika kampuni. Mazungumzo hayakukosekana kwa sababu muda ulikuwa mfupi, wala kwa sababu mtu wa utumishi alisahau utaratibu. Yalikwepwa kwa makusudi, kwa kuwa viongozi walikwisha kulijua jibu la watu wao na hawakutaka kulisikia. Baharia aliyekuwa akipokea amri za kampuni hiyo katikati ya bahari yenye dhoruba, akiamini kwamba wenye ofisi wanajali usalama wake, aligundua kwamba ofisi hizo hizo zilimwona kizuizi cha kuruka. Mshahara unaweza kupunguzwa na mtu akavumilia, zamu zikaongezwa naye akavumilia. Lakini akishajua kwamba uamuzi wa kuvunja sheria dhidi yake ulipangwa kwa utulivu chumbani, hana tena msingi wa kuamini neno lolote litakalotoka chumba hicho.

Hasara za njia hiyo hazikuchelewa. Machi 25 wakaguzi wa usalama wa bahari wa Uingereza waliizuia meli ya European Causeway huko Larne, wakitaja upungufu katika mafunzo ya mabaharia wapya na katika nyaraka za meli. Siku chache baadaye Pride of Kent ikazuiwa, na mwezi Aprili ikafuata Spirit of Britain. Safari za kampuni kati ya Dover na Calais zilikwama kwa wiki kadhaa, Pasaka ikapita abiria wakitafuta meli za washindani. Fidia kwa waliofukuzwa iligharimu pauni milioni 36.5. Na mwaka 2024, mkurugenzi yule yule aliporudi mbele ya wabunge, alithibitisha kwamba mabaharia wapya waliweza kulipwa pauni 4.87 kwa saa, wakati malipo yake mwenyewe, pamoja na bonasi, yalifikia pauni 508,000 kwa mwaka. Aliulizwa kama yeye angeweza kuishi kwa ujira huo wa mabaharia. Akajibu kwamba hangeweza.

Habari hii ya Uingereza ina uzito wake pia Dar es Salaam. P&O Ferries inamilikiwa na DP World ya Dubai, kampuni ambayo Oktoba 2023 ilitia saini mikataba ya miaka 30 na Mamlaka ya Usimamizi wa Bandari Tanzania ili kuendesha sehemu ya bandari hiyo. Katika mjadala mkali wa mwaka ule, hatima ya ajira za watu wa bandari ilikuwa miongoni mwa mambo yaliyoulizwa zaidi, na serikali ikatoa ahadi kwamba ajira zitalindwa. Haitakuwa haki kusema kwamba kilichotokea Dover kitatokea Dar es Salaam. Sheria ni tofauti, mazingira ni tofauti, na kampuni tanzu moja si kampuni nzima. Lakini mfanyakazi wa gati aliyesoma habari za Hull ana haki ya kuuliza mapema, na anayemjibu anapaswa kuleta jibu lenye maandishi.

Wakurugenzi wengi huhesabu gharama za kupunguza watu kwa kuwatazama wanaoondoka: notisi ya mwezi, kiinua mgongo, siku za likizo zilizobaki. Wanaobaki hawamo katika hesabu hiyo. Mwaka 2008 watafiti Charlie Trevor na Anthony Nyberg walichapisha utafiti kuhusu kampuni za Marekani, wakaonyesha kwamba hata upunguzaji mdogo wa asilimia 1 ya wafanyakazi uliendana na ongezeko la asilimia 31 la wanaoacha kazi kwa hiari yao. Hawa hawakuguswa na panga. Waliitazama meza ya jirani ikiwa tupu na kuanza kutafuta mlango. Wahenga walikwisha kusema: mwenzako akinyolewa, wewe tia maji.

Na wanaoanza kutoka kwa kawaida ni wale wenye soko. Mhasibu hodari, fundi wa mitambo anayejulikana mji mzima, msimamizi wa wateja wakubwa. Hao hupata kazi kwingine kabla ya mwezi kuisha. Anayebaki ni yule asiye na pa kwenda, au yule mwaminifu ambaye sasa anafanya kazi za watu watatu huku akipima kila neno la bosi. Mkutano wa Jumatatu ukiitishwa ghafla, mikono inatetemeka. Barua pepe ya kawaida kutoka utumishi inasomwa mara tatu. Wazo zuri halisemwi tena, kwa sababu anayelisema huenda akaonekana mtu wa kuhojiwa gharama zake. Kampuni inaendelea kupokea saa nane za mwili wa mtu, lakini akili yake imeshaanza kuandika wasifu wa kuombea kazi nyingine.

Nairobi inayafahamu haya. Januari 10, 2023, kampuni ya Sama ilitangaza kwamba inaacha kazi ya kukagua maudhui ya Facebook iliyokuwa ikiifanya kwa niaba ya Meta, na wafanyakazi wapatao 260 wakaambiwa ajira zao zinakwisha. Hawa walikuwa vijana kutoka nchi mbalimbali za Afrika. Kutwa walitazama picha za mauaji, ubakaji na ukatili wa kila aina ili watumiaji wa mtandao wasizione. Wapo waliokuwa wakilalamikia mishahara na afya yao ya akili tangu zamani, na walikuwa wameanza kuzungumzia kuunda chama. Tangazo la kampuni lilieleza sababu za kibiashara. Wafanyakazi wengi hawakuiamini hata sentensi moja, wakaona kwamba wanaadhibiwa kwa kujaribu kujipanga, wakaenda Mahakama ya Ajira na Mahusiano ya Kazi. Kampuni zilizoshtakiwa zilikana madai hayo. Mwishowe walalamikaji walizidi 180, na Septemba 2024 Mahakama ya Rufaa ikaamua kwamba Meta inaweza kushtakiwa nchini Kenya.

Ukweli wa madai yao ni kazi ya mahakama. Kinachoonekana wazi bila kusubiri hukumu ni kwamba imani ilikuwa imekwisha kabla ya Januari 10. Malalamiko ya muda mrefu yasiyopata majibu ya kuridhisha huwafundisha watu kutafsiri kila tangazo kwa ubaya, na tangazo la kupunguza kazi ndilo linalokuja kulipa deni hilo lote kwa siku moja. Siku ya Mei Mosi mwaka huo huo, wakaguzi wa maudhui zaidi ya 150 walikutana Nairobi na kupiga kura ya kuunda chama chao. Walikosa mtu wa kuzungumza naye ndani ya ofisi, wakatafutana nje yake.

Wapo wakurugenzi watakaosema kwamba haya yote ni rahisi kuyaandika. Habari za kupunguza watu zikivuja mapema, wateja hukimbia, benki huanza kuuliza maswali, na kampuni iliyosajiliwa soko la hisa inabanwa na kanuni za utoaji taarifa. Hoja hiyo ina ukweli ndani yake. Ila kwa kawaida siri yenyewe imekwisha kutoka: dereva anajua kwa nini magari hayatengenezwi, mhasibu anajua wauzaji wangapi hawajalipwa, mfanya usafi anaona vikao vya usiku. Kinachofichwa si tatizo, bali nia. Na hapo ndipo minong'ono inapojaza nafasi, ikitaja majina ambayo hata hayakuwa kwenye orodha.

Njia nyingine ipo na imejaribiwa. Satoru Iwata, aliyekuwa rais wa Nintendo ya Japani, alikuta mauzo ya mashine za michezo ya kampuni yake yameporomoka. Mwaka 2011 alikata nusu ya mshahara wake mwenyewe, na mwaka 2014, hali ilipokuwa mbaya tena, akaukata nusu kwa miezi mitano, wakurugenzi wengine nao wakipunguza kwa asilimia 20 hadi 30. Wenye hisa walipomuuliza mwaka 2013 kwa nini hapunguzi watu, alieleza kwamba mfanyakazi anayeishi kwa hofu ya kufukuzwa hawezi kubuni michezo itakayowagusa watu. Iwata alifariki dunia Julai 2015. Mashine ya Switch, iliyoanza kubuniwa katika kipindi chake, iliingia sokoni Machi 2017 na ikauzwa kwa zaidi ya milioni 100. Nintendo ilikuwa na akiba kubwa ya fedha, na kampuni nyingi za Afrika Mashariki hazina akiba ya namna hiyo. Lakini kuanza na mshahara wa mkuu hakuhitaji akiba. Kunahitaji mkuu aliye tayari kuumia kwanza.

Afrika Mashariki haina upungufu wa sheria katika jambo hili. Kifungu cha 38 cha Sheria ya Ajira na Mahusiano Kazini ya Tanzania kinamtaka mwajiri atoe notisi ya kusudio mara tu anapofikiria kupunguza wafanyakazi, atoe taarifa zote zinazohusika, kisha ashauriane nao kuhusu sababu, njia za kuepuka au kupunguza makali, vigezo vya kuchagua nani aondoke, wakati wa kufanya hivyo na malipo. Sheria ya Ajira ya Kenya ya mwaka 2007, kifungu cha 40, inadai notisi ya mwezi mmoja kwa chama na kwa ofisa wa kazi, na kiinua mgongo kisichopungua malipo ya siku 15 kwa kila mwaka uliotumikiwa. Kwa Tanzania ni mshahara wa msingi wa siku saba kwa kila mwaka, na hesabu haivuki miaka 10. Hicho ni kiwango kidogo mno, na Bunge la Tanzania linapaswa kukitazama upya.

Nchini Kenya, kesi ya shirika la ndege la Kenya Airways ilithibitisha maana ya notisi hizo. Shirika hilo lilipunguza wafanyakazi mwaka 2012, na shauri likafika Mahakama ya Rufaa. Katika uamuzi wa mwaka 2014, Jaji David Maraga, ambaye baadaye alikuwa Jaji Mkuu, alieleza kwamba wajibu wa kushauriana umo ndani ya sheria hata pale usipotamkwa, na kwamba lengo la notisi ni kuwapa wahusika nafasi ya kutafuta hatua mbadala kabla mambo hayajafika mwisho.

Kwa hiyo mwajiri anayewaita watu ukumbini kuwasomea orodha iliyokamilika, kisha akaandika kwenye kumbukumbu kwamba "majadiliano yamefanyika", amekiuka roho ya sheria hata kama karatasi zake zimenyooka. Majadiliano yana dalili zake: hesabu za kampuni ziko mezani, mapendekezo ya wafanyakazi yanajibiwa moja baada ya jingine kwa maandishi, na angalau jambo moja katika mpango wa awali linaweza kubadilika. Pengine watu watakubali kupunguza saa za kazi kwa muda. Pengine wapo wanaotaka kuondoka kwa hiari wakipewa malipo mazuri kidogo. Mkurugenzi hawezi kuyajua hayo kabla ya kuuliza.

Mfanyakazi wa Tanzania naye asikae akisubiri video. Anayesikia minong'ono aende kwenye tawi la chama chake, au akusanyike na wenzake kama hawana chama, waandike barua kumtaka mwajiri awape taarifa ambazo kifungu cha 38 kinamlazimu kuzitoa, na wabaki na nakala iliyogongwa muhuri wa kupokelewa. Makubaliano yakishindikana, suala linapelekwa kwenye usuluhishi katika Tume ya Usuluhishi na Uamuzi, CMA. Na aliyekwisha kuachishwa kwa njia anayoona si halali asiache siku zipite akibembeleza ofisini: malalamiko hayo yanatakiwa kufika CMA ndani ya siku 30.