Lodi Lofa Naye Apewe Kisanamu Chake

Najua wengi wenu siku hizi Jumamosi jioni hamtoki. Foleni, bei ya vinywaji, na mtoto hana wa kumwachia. Basi wanandoa wanaalikana majumbani, pilau inaliwa, meza inafutwa, mchezo unatolewa. Zamani ilikuwa karata, ludo au drafti ya vizibo vya soda. Sasa hivi wapo washkaji wanaorudi safarini na maboksi ya visanamu vya mashujaa wa katuni, na hapo ndipo nina neno.

Kwa ambaye hajakutana navyo, chukua HeroClix, mchezo wa Kimarekani ulioanza mwaka 2002. Kila kisanamu kimesimama juu ya kitako cha duara, na ndani ya kitako kuna sahani ya namba inayozunguka. Ukipigwa unazungusha, na nguvu zako zinabadilika: mwendo, shambulio, kinga. Kwa kawaida zinashuka. Lakini wapo ambao wakijeruhiwa ndiyo wanakuwa wakali zaidi, na hao ndio wa kuogopwa. Halafu kila kisanamu kina bei yake ya pointi. Mnapanga timu hadi jumla mliyokubaliana, mara nyingi 300. Mnarusha dadu mbili kwenye ramani yenye miraba, kazi imeanza.

Sasa chungulia ndani ya boksi. Mashujaa watukutu wamo kibao, maana watu wanawapenda kuliko wale wema. Wolverine na Punisher, wote wa mwaka 1974. Deadpool, wa 1991. Sina ugomvi nao. Ila jamani, ndio hao tu? Mimi nimesoma mawasiliano chuo kikuu, nikafundishwa wahusika wa kila aina, lakini mtukutu wa kwanza kumjua nilimkuta kwenye jarida la Sani, limechakaa, kurasa za mwisho hazipo.

Sani lilianzishwa na Nico ye Mbajo na Saidi Bawji, na jina lenyewe ni herufi za mwanzo za Saidi na Nico zilizounganishwa. Humo ndimo walimoishi Ndumilakuwili, Lodi Lofa, Kipepe na Dokta Love Pimbi. Marehemu Philip Ndunguru ndiye aliyewapa wengi wao sura tunazozikumbuka. Alifariki mwaka 1986, bado kijana kabisa, wengine wakaendelea kuwachora. Hebu fikiria: kijana wa umri wa wale unaowaajiri leo kama wasaidizi ofisini, kaacha watu wa karatasi ambao nchi nzima inawataja kama majirani.

Tofauti yao na Punisher ni hii. Yule familia yake iliuawa na majambazi, akashika bunduki. Mtukutu wetu hana bunduki. Ana mdomo. Anadaiwa, anataka kula vizuri, anataka mapenzi, na mfukoni hana kitu. Uhalifu wake ni ule wa kwako na wangu: kumwambia mtu "niko njiani" wakati bado uko kitandani. Ndiyo maana nasema hawa kwenye meza ya wanandoa wangenoga kuliko wote.

Nianze na Ndumilakuwili, maana kwake mchongaji hahitaji kuumiza kichwa. Jina lake ni la nyoka anayeuma mbele na nyuma, basi apewe kichwa kimoja chenye nyuso mbili: kwako anacheka, kwa mwenzako anacheka vilevile. Kanuni yake naiona hivi. Mara moja kwenye mchezo, akishambuliwa, anaruhusiwa kuhamia timu ya pili, ila mchezaji lazima amshawishi mpinzani kwa maneno, dakika moja tu. Na sahani yake ya namba ipande kila anapofumaniwa, kwa sababu mwongo aliyebanwa ukutani ndiye hatari. Mtazame mwenzio akiitetea hiyo dakika moja, kwa utulivu ule, bila hata kupepesa macho! Hapo mchezo utakuwa umeisha na mazungumzo mengine yameanza. Mimi naona ni afya. Bora uujue ufundi wa mtu kwenye meza ya mchezo kuliko kwenye simu yake saa nane za usiku.

Lodi Lofa yuko kwenye jina tayari. Lodi ni bwana mkubwa wa Kizungu, lofa ni asiye na mbele wala nyuma, na yeye kavaa vyote viwili. Bei yake iwe pointi tano tu, kila timu immudu. Akisimama jirani na mtu anaazima nguvu zake, na kwenye kanuni isiandikwe popote kwamba anarudisha. (Kila ukoo una mmoja. Kama wa kwenu humjui, jichunguze.)

Pimbi sitamsemea sana. Mfupi, maneno ya mapenzi marefu. Kisanamu chake kiwe nusu ya vingine na kisikubali kusimama mbali na kisanamu cha kike.

Ukivuka mpaka, miaka ya 1970 James Tumusiime, Mganda aliyekuwa akiishi Kenya, alimchora Bogi Benda kwenye Daily Nation, mtu wa ofisini ambaye ofisi haikumtuliza. Huyo kabla ya kila zamu arushe dadu tujue kafika kazini au kapitia baa.

Lakini ninayemtaka kuliko wote ni Juha Kalulu wa Edward Gitau, aliyedumu kwa miongo ndani ya Taifa Leo. Na simtaki peke yake. HeroClix wana visanamu vya wawili juu ya kitako kimoja, na hapo ndipo pa Juha na mkewe, Serekina. Watukutu wa Marekani karibu wote wajane au wapweke. Mwandishi huwaulia mke ili wapate hasira. Juha ana mke anayeamka naye kesho yake. Kwenye kitako kile Serekina awe na namba zake mwenyewe, tena nzuri kuliko za bwana, na asiruhusiwe kuhama mraba hadi Juha ahame. Wanaoishi hivyo watanielewa.

Kwa ufundi hakuna kigumu. Printa za kutengeneza vitu vya plastiki tabaka kwa tabaka zipo siku hizi, na vijana wa kuchora kwenye kompyuta tunao. Kigumu ni haki. Visanamu vya Marvel na DC hutengenezwa kwa leseni, kuna mkataba na hela zinaenda kwa mwenye mali. Hapa kwetu mtu akikurupuka kesho akamchonga Ndumilakuwili, nani atabisha hodi kwa familia ya marehemu kabla ya kuuza? Mimi nataka abishe kwanza, hata ikichelewesha.

Na wewe mwenye Sani za zamani kwenye sanduku la bati kwa mama, usikubali zifungiwe karanga. Mchongaji atahitaji kujua kaptura ya Lodi Lofa ilikuwa na viraka vingapi. Nyumbani kwangu tumeshabishana mara mbili, mmoja anasema viwili, mwingine anaapa ni vitatu.