Na wengine tisa

Mwezi huu nakuandikia kutoka Likombe, Mtwara, kwa mama mdogo. Nilikuja kupumzika, nikakuta mtihani.

Binti yake amechumbiwa na mwanajeshi anayesomea urubani. Barua ya posa ilishaletwa, bibie hajajibu. Jioni tuko barazani na sahani ya korosho, akaniuliza: "Dada, siku likitokea la kutokea, watamtaja jina au watasema 'na wengine'?"

Nilijua anasema nini. Aprili 18, 2024, helikopta ya jeshi la Kenya ilianguka Sindar, Elgeyo Marakwet, ikiwa na watu 12. Wawili walipona. Sisi wengine tulibaki na kichwa kimoja cha habari: Jenerali Francis Ogolla na wengine tisa. Simlaumu mtu, huyo alikuwa Mkuu wa Majeshi, tena mwenyewe aliwahi kuwa rubani wa ndege za kivita. Lakini siku ile rubani alikuwa Meja George Benson Magondu, na msaidizi wake Kapteni Sora Mohamed. Kapteni, jamani! Hicho ni cheo cha watu wa rika letu, wale ambao kadi zao za michango ya harusi bado ziko kwenye pochi zetu. Rais Ruto aliyataja majina yote usiku uleule. Nani kati yetu anayakumbuka? Mimi mwenyewe, mhariri mzima, ilibidi niyatafute kwenye simu.

Kesho yake tukachukua bajaji hadi Naliendele, walikolala askari wetu waliofia Msumbiji. Si unajua, kila Julai 25, Siku ya Mashujaa, huwa tunaona kwenye televisheni mkuki na ngao, sime, shoka, upinde na mishale, na shada la maua vikiwekwa mnarani. Siku yetu hapakuwa na gwaride wala tarumbeta. Joto tu.

Mdogo wangu akaniomba simu. Akayasoma majina ya wale tisa kwa sauti, taratibu, hata akakosea moja akalirudia.

Nilitaka kumshauri. Kazi yangu si ndiyo hii? Nikanyamaza.

Njiani akampigia mchumba wake. Hakusema ndiyo, hakusema hapana. Alimuuliza majina yake matatu yanaandikwaje.