Kigunduzi cha Gesi, lakini Gesi Ipi?

Anayeingia katika duka la vifaa vya umeme akaomba kigunduzi cha gesi hupewa kijisanduku cheupe cha kuchomeka kwenye soketi, akaambiwa kwamba kikilia akimbie. Ni nadra kuulizwa swali ambalo tabibu angeanza nalo: gesi ipi? Katika nyumba zetu zimo hatari mbili zinazoitwa kwa jina moja, na kifaa kinachoitambua moja chaweza kukaa kimya kabisa mbele ya nyingine.

Ya kwanza ni gesi ya mtungi. Hii ni nzito kuliko hewa. Ikivuja hushuka sakafuni na kujikusanya pembeni, na ikifikia takriban sehemu 2 katika kila 100 za hewa, cheche moja yatosha kuilipua. Imetiwa harufu kwa makusudi, kwa hiyo pua nayo ni kigunduzi, ilimradi mwenyewe yu macho na hana mafua. Ya pili ni kaboni monoksaidi, itokayo kwenye mkaa, kuni na jenereta. Haina rangi wala harufu, nayo hushikamana na himoglobini kwa nguvu inayozidi ile ya oksijeni zaidi ya mara 200. Mkaa ukishakolea hautoi moshi, na hapo ndipo watu huamini kwamba jiko sasa ni salama kuingizwa chumbani. Kigunduzi cha moshi kilichofungwa darini, ambacho ni kinga nzuri dhidi ya moto, hakitalia kwa ajili ya jiko hilo.

Kisha kuna suala la soketi. Kigunduzi cha gesi ya mtungi hupaswa kukaa chini, kiasi cha sentimita 30 kutoka sakafuni. Soketi nyingi za jikoni kwetu ziko juu ya meza. Kikichomekwa huko, kitalia gesi ikiwa imeshajaa hadi kiunoni. Kile cha kaboni monoksaidi hufaa kuwekwa chumba cha kulala, usawa wa kichwa cha aliyelala au juu zaidi. Kifaa kimoja kinachodai kuzitambua zote mbili hakiwezi kukaa pahali pawili kwa wakati mmoja, nami singemshauri mgonjwa wangu akitegemee.

Kasoro kubwa zaidi ni umeme wenyewe. Ukikatika, kifaa kisicho na betri hufa papo hapo. Na saa hiyohiyo ndipo jenereta inapowashwa barazani, na huko Njombe au Mbeya, katika baridi ya Juni na Julai, ndipo jiko la mkaa linapoingizwa ndani. Mlinzi hulala mwizi anapobisha hodi.

Mkakati wa Taifa wa Nishati Safi ya Kupikia wa mwaka 2024 hadi 2034 unataka asilimia 80 ya Watanzania watumie nishati hiyo ifikapo 2034. Naunga mkono kwa moyo wote, kwani mapafu ya akina mama yamevumilia vya kutosha. Lakini mitungi inapogawiwa, elimu hii nayo igawiwe. Kaya yenye uwezo wa kununua kifaa kimoja tu, ikiwa bado inatumia mkaa au jenereta, inunue kigunduzi cha kaboni monoksaidi chenye betri yake. Inayopikia mtungi pekee imwite fundi ashushe soketi kwanza. Nao wauzaji walazimishwe kuandika kwa Kiswahili, juu ya kasha, gesi inayotambuliwa, kimo cha kukiweka kifaa na mwaka kinapokwisha uwezo, maana kitambuzi kilichomo ndani huchakaa. Dawa isiyo na maelezo hatuiruhusu rafuni; hiki kimeruhusiwaje?

Jambo moja dogo linaloua: kigunduzi cha gesi ya mtungi kikilia, mkono wa kwanza huenda kukichomoa ili kelele ikome. Usikichomoe, wala usiwashe au kuzima taa, kwa kuwa swichi na plagi hutoa cheche. Funga mtungi ukiweza kuufikia, fungua milango, tokeni nje wote, kisha pigeni 114 mkiwa huko nje.

Wenzangu wa vituo vya afya, familia nzima ikifika alfajiri na maumivu ya kichwa, kichefuchefu na kizunguzungu bila homa, ulizeni jiko lililala wapi kabla ya kuandika malaria au chakula kibovu. Msiridhike na oksimita ya kidoleni: huisoma himoglobini iliyotekwa na kaboni monoksaidi kana kwamba imebeba oksijeni, ikaonyesha 98 kwa mtu aliye hatarini. Mpeni oksijeni ya kiwango cha juu kwa kinyago mara moja, bila kusubiri kipimo. Na wakati mnamvisha kinyago, muulizeni aliyemleta kama kuna mtu mwingine aliyebaki katika chumba kile.