Uchovu usioisha: Picha za ubongo zinamwambia nini mgonjwa wa Daraja Mbili?

Daraja Mbili, jijini Arusha, watu huamka mapema kusaka riziki: bodaboda, mafundi, mama lishe. Mtu akilalamika miezi sita kwamba mwili hauna nguvu, na hata akilala usiku kucha anaamka hoi, mtaani kuna majibu mawili. Kwanza, malaria hiyo. Vipimo vikitoka safi, basi ni mvivu.

Jibu la pili ndilo linalotikiswa na picha za ubongo.

Mwaka 2014, watafiti wa Chuo Kikuu cha Stanford, Marekani, walilinganisha picha za MRI za wagonjwa 15 wenye uchovu sugu na watu 14 wazima. Kwa wagonjwa, sehemu nyeupe ya ubongo, yaani nyuzi zinazounganisha eneo moja na jingine, ilikuwa imepungua. Fungu moja la nyuzi upande wa kulia nalo halikuwa la kawaida.

Februari 2024 ukatoka utafiti mwingine Marekani, wa wagonjwa 17. Walipobana kifaa cha kupima nguvu za mkono, misuli haikuonyesha kuchoka. Kilichopungua ni kazi ya eneo fulani la ubongo.

Idadi hizo ni ndogo, na bado hakuna picha inayoweza kuthibitisha kwamba mtu fulani anaumwa ugonjwa huu. Kwa hiyo atakayekuuzia MRI kama jibu la uchovu wako, mkwepe.

Jibu la kwanza nalo lina walakini. Mwaka 2007 na 2008, katika hospitali za KCMC na Mawenzi, hapo jirani Moshi, wagonjwa 870 waliolazwa na homa walichunguzwa. Waliokuwa wameambiwa ni malaria walikuwa 528; waliokutwa nayo kweli, 14 tu. Baadhi walikuwa na brusela, ugonjwa wa mifugo unaoweza kumchosha mtu kwa miezi. Ndiyo maana brusela, upungufu wa damu, kisukari, kifua kikuu na VVU vipimwe kwanza.

Vyote vikiwa safi, "jikaze" si dawa. Mwaka 2021 Uingereza iliacha kupendekeza mazoezi ya kuongezwa kidogo kidogo kwa wagonjwa hawa, maana wengi huzidiwa baada ya kujitutumua.

Tatizo ni kwamba dereva wa bodaboda anadaiwa hesabu ya siku. Kupumzika kwake ni gharama. Kinachowezekana ni kugawa siku: safari chache asubuhi, kulala mchana kabla mwili haujagoma, na nyumbani wajue sababu.