Sheria ya miti si ya mwenye jembe peke yake

Ndugu wasikilizaji wa Kolwezi, na ninyi familia mliohamishwa na machimbo, tusemezane wazi. Mama akifyeka kipande cha shamba, anaulizwa karatasi. Katapila ya mgodi ikiangusha miombo ya kilima kizima, nani anaiuliza karatasi?

Sheria ya misitu ya tarehe 29 Agosti 2002 inasema mambo ambayo wengi hatukusomewa. Miti iliyo ndani ya shamba ni mali ya mwenye shamba. Ile ya kijijini ni mali ya kijiji. Mkulima anayefyeka chini ya hekta 2 haombi ruhusa ya kufyeka msitu. Kipimo hicho kimewekwa kwa kilimo tu. Mgodi lazima uombe ruhusa, baada ya uchunguzi wa athari. Tena anayefyeka analazimishwa kupanda msitu mwingine, sawa na ule wa kwanza kwa ukubwa na kwa ubora, kwa gharama yake mwenyewe.

Hatusemi mkulima akate ovyo. Mti uliolindwa uheshimiwe hata ukiwa shambani. Mukula wetu ulipakiwa kwenye malori mpaka mwaka 2019 mataifa ya CITES yakauweka kwenye orodha yao, usivuke mpaka bila karatasi. Ni vema. Lakini sheria inayomkamata mwenye shoka na kumpisha mwenye katapila si ulinzi wa msitu. Ni uonevu.

Watatuambia shaba na kobalti zinalisha nchi. Hakuna aliyekataa zichimbwe. Ila Katiba, kifungu cha 34, inataka fidia ya haki, tena itangulie. Sheria ya madini nayo inataka thamani ya ardhi iongezwe nusu yake. Msuku uliolisha watoto miaka yote hauwezi kuitwa pori siku ya kuhesabu.

Basi, kabla ya kuweka kidole kwenye karatasi yoyote, ulizeni mambo matatu: ruhusa ya kufyeka iko wapi? Msitu mpya utapandwa wapi? Miti yetu imehesabiwa mmoja mmoja? Chefu wa kijiji awe pale, na nakala moja ibaki mikononi mwenu. Nanyi wakubwa wa mazingira wa jimbo, mnaosimamisha baiskeli za makala, simamisheni na katapila.